Kazi za Nyuma

Nguo zilikuwa zimeanuliwa na kukunjwa. Hilo peke yake lingemfanya Mama Kifungo ashukuru na kunyamaza, maana mwanamke aliyetoka kazini na miguu imevimba hamhoji aliyemkunjia nguo. Lakini alipoinua gauni la mtoto ili aliweke sandukuni, aliona limekunjwa ndani nje. Akainua shati la mumewe. Nalo hivyo hivyo, ndani nje, vifungo vyote vimefungwa kwa upande wa ndani, mgongo ukiwa juu. Rundo zima lilikuwa hivyo, limepangwa kwa unadhifu ambao yeye mwenyewe hajawahi kuwa na muda nao.

"Asante kwa nguo, mama," alimwambia mkwewe.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Aliona vivuli na mwanga, basi. Mchana kutwa alikaa na mjukuu wake, na jioni alikaa na malalamiko.

"Nguo gani? Mimi na macho haya nikunje nguo? Si umezikunja mwenyewe uliporudi mchana."

"Sikurudi mchana, mama."

"Haya. Basi nimeota." Bibi alicheka. "Na uji nao nimeunywa ndotoni. Mtamu, tena laini. Hauna madonge kama ule wako wa kila siku."

Hapo ndipo Mama Kifungo alipoogopa. Si kwa sababu ya nguo. Tangu aolewe katika familia ile, Bibi hajawahi kusifu chakula chake.

Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa njiani na hangerudi upesi. Jirani mwenye ufunguo hakuwapo. Alimtazama Kifungo, binti yake wa pekee, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya pua yake ndogo ya mviringo kama kifungo cha shati. Mtoto alikuwa sakafuni akichora, ametulia, kashiba, kanawa.

"Nani kakuogesha?"

"Wewe," alisema Kifungo, bila kuinua macho.

*

Mama Kifungo alikuwa karani wa oda katika kampuni iliyouza vipuri vya mashine. Tangu mfumo mkubwa wa kompyuta uwekwe pale, ofisi nzima ilijifunza lugha mpya, na neno lililotumika kuliko yote lilikuwa "nyuma".

Kazi nyepesi uliifanya mbele: unaandika, mashine inajibu, unaona. Kazi nzito, kama kupanga upya hesabu ya stoo nzima au kutoa ankara za maduka yote kwa mpigo, ukiifanya mbele skrini inaganda na wenzako wanabaki kupiga miayo. Kwa hiyo unaiweka nyuma. Unabonyeza palipoandikwa Tuma, kazi inaingia kwenye foleni, wewe unaendelea na mengine au unakwenda zako kula. Huko nyuma kulikuwa na watumishi. Ndivyo fundi wa kompyuta alivyowaita. Hawakuwa watu, ni programu zilizokaa zikisubiri. Mtumishi mmoja akimaliza kazi yake anachukua inayofuata kwenye foleni. Kazi ikishindikana, hakuja kukuuliza. Aliirudisha akajaribu tena, na tena. Na ukiiambia kazi ijirudie bila kuiwekea mwisho, itajirudia hata ukistaafu, hata ukifa.

Hilo la kufa halikuwa mzaha. Mtunza stoo wao wa zamani walikuwa wameshamzika na kumlilia, lakini kila Ijumaa asubuhi printa ya kona iliamka yenyewe, ikakohoa, ikatoa ripoti ya stoo yenye jina lake juu.

"Marehemu karipoti kazini," mtu angesema, na wote wangecheka, isipokuwa wale waliokaa karibu na printa.

"Kwa nini huizimi?" Mama Kifungo alimuuliza fundi siku moja.

"Nikiizima sijui kitakachozimika nayo," fundi alijibu. "Mtumishi wa nyuma hajui habari za msiba, mama. Anaangalia jina tu. Jina lipo, kazi ipo."

Jina ndilo lilikuwa kila kitu. Kazi ilibeba jina la aliyeituma, na majina hayakuwa sawa. La Mama Kifungo, kwa sababu oda hazingoji, lilipewa ruhusa ya kupita mbele ya mengine. Kazi ya karani wa kawaida ingeweza kulala kwenye foleni hadi kesho. Yake ilipita kama kiongozi mwenye king'ora.

Kwa hiyo aliyekaa meza ya jirani, shoga yake wa siku nyingi, alikuwa na neno lake la kila siku. Ofisini walimwita Asali kwa utamu wa ulimi.

"Shoga, niazime jina."

Na Mama Kifungo alimwazima. Neno lake la siri Asali alilijua kwa moyo, na angelisahauje? Lilikuwa jina kamili la Kifungo, lile refu la kwenye cheti, na Asali ndiye aliyelichagua. Uchungu ulipomshika Mama Kifungo pale pale ofisini, Asali ndiye aliyemtia kwenye gari la mizigo akamkimbiza hospitali, akashikwa mkono hadi kucha zikamtoboa, na muuguzi alipouliza mtoto anaitwa nani, mama hana nguvu ya kujibu, Asali akajibu. Mtu kama huyo humfichi neno la siri.

*

Baada ya nguo vikaja vyombo. Mama Kifungo aliviacha asubuhi kwenye beseni, akavikuta jioni vimeoshwa na kupangwa, kila sahani imetazama ukutani, kila kikombe kimegeuzwa mkono wake nyuma. Ukaja ufagio: nyumba ilifagiliwa, lakini taka hazikutolewa nje. Zilifagiliwa kutoka mlangoni kuingia ndani na kurundikwa uvunguni mwa kitanda chake. Ukaja mkate uliokatwa kuanzia chini. Kila kitu kilifanywa, na kila kitu kilifanywa kuanzia nyuma.

Na ikaja harufu. Haikuwa mbaya mwanzoni. Harufu ya vumbi lililopata moto, kama mashine iliyowaka siku nzima ndani ya chumba kilichofungwa, na chini yake kitu kibichi, kama udongo uliochimbuliwa.

Ikaja sauti pia. Akiwa sebuleni, aliisikia jikoni: maji, kijiko, mtu anahema polepole kama anayebeba kitu kizito. Akienda jikoni, aliisikia sebuleni. Akisimama katikati ya ujia, aliisikia kwenye kisogo chake. Akigeuka, ilinyamaza, na akimaliza kugeuka iliendelea, nyuma yake tena.

Haya yote mwanamke aliyechoka anaweza kuyavumilia. Atajiambia ni panya, ni jirani, ni akili yake mwenyewe imechakaa kama viatu vyake. Lakini jioni moja alimkuta Kifungo amesukwa. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri, nyembamba, za kubana; ila zilianzia kisogoni zikapanda utosini zikashuka hadi kwenye paji la uso, na ncha zake zikamning'inia mtoto machoni kama pazia.

"Njoo nizifumue," alisema Mama Kifungo.

Mtoto akarudi nyuma. "Sitaki. Utaniumiza. Wewe ni mama wa jioni."

"Unasema?"

"Mama wa mchana haumizi. Hapigi kelele. Hachoki." Kifungo alimtazama kupitia zile ncha za nywele, kwa upole, kama anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango. "Wewe utaondoka lini?"

Mama Kifungo hakulia. Hakuwa mtu wa kulia mbele ya mtoto. Aliingia chooni, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akauma taulo.

*

Kesho yake hakwenda kazini. Alikaa sebuleni, mgongo umegusa ukuta ili kusiwe na nyuma, akampakata Kifungo. Bibi alikuwa jikoni akiota jua la mlango wa uani. Jua lilikuwa kali, nje watoto wa jirani walicheza mpira, redio ya mtu ilikuwa ikisoma matangazo ya biashara.

Bibi akaanza kuongea.

"Weka hapo, mwanangu. Ndiyo. Usijichoshe. Siku hizi umekuwa mtu kweli, hata hunijibu jeuri."

"Mama," aliita Mama Kifungo kutoka sebuleni. "Unaongea na nani?"

Bibi akasema, taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba kamba aliyoishika ina magamba, "Mkwe wangu... kama wewe uko huko, huyu hapa ni nani?"

Alimwacha mtoto kwenye kiti akaenda, na ule ujia wa hatua chache ukawa mrefu, na ile harufu ya vumbi la moto ikamjia puani na kooni hadi akahisi anaimeza, na sauti ya maji ikawa inaendelea bila haraka, chombo baada ya chombo, na alipofika mlangoni alimwona mwanamke amesimama kwenye beseni amevaa gauni lake, lile la bluu ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelivaa wakati huo huo, na kitambaa chake cha kichwa, na mabega yake, na hata ile namna yake ya kuegemea mguu mmoja akichoka, na akataka kupiga kelele lakini kelele haikutoka, ikatoka pumzi tu, na kwa pumzi ile yule mwanamke akaacha kuosha, akaweka sahani, akageuka, akageuka kabisa, taratibu, mzunguko mzima, na upande wa pili ulikuwa mgongo. Akageuka tena. Mgongo. Hakikuwa na mbele kile kitu. Kila kilipogeuka kilikuwa mgongo, na kisogo, na fundo la kitambaa.

Kikanyanyua mikono, viwiko vikakunjika upande usiokunjika, kikachukua sahani nyingine.

"Mama wa mchana," alisema Kifungo kwa furaha, nyuma yake.

*

Mganga aliyemwendea alikuwa fundi cherehani. Mbele ya duka alishona sare za shule. Chumba cha nyuma alitibu. Alikuwa mwanamke wa rika la Mama Kifungo, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni, hana muda wa mbwembwe.

"Kuku sitaki, kitambaa cheusi sitaki," alisema. "Kaa. Nipe mkono." Akaushika muda mrefu, macho yamefumbwa, kisha akatema pini mkononi. "Dada, hiki hakikuingia kwako. Kilichoingia hutolewa. Hiki kimetumwa."

"Kimetumwa na nani?"

"Jina ni lako."

"Mimi sijatuma kitu!"

"Sikusema mdomo ni wako. Nimesema jina ni lako." Mganga alifumba tena macho, akakunja uso kama anayesikiliza simu yenye mikwaruzo. "Kinalalamika. Kinasema kimeitwa kufanya kazi za nyumba, kinafanya kazi za nyumba, na mwenye nyumba anakipigia kelele. Lakini neno lenyewe hakina uhakika nalo. Aliyekituma alinong'ona. Nyumba... nyuma... Kimesikia vyote viwili. Ndiyo maana kinafanya kazi za nyumba, kinazifanya kinyumenyume." Akafumbua macho. "Nani kwenu husema 'kazi za nyuma'?"

Mama Kifungo alipitia kichwani watu wote aliowajua. Mtaani kwake hakuna asemaye hivyo. Sokoni hakuna. Bibi hajawahi kulisikia neno hilo. Ni watu wa ofisi moja tu, na katika ofisi hiyo ni mtu mmoja tu aliyezoea kutuma kazi zake kwa jina la mwenzake.

"Kinadai nini?" aliuliza.

"Hakidai. Kinakula kile kinachokifanyia kazi. Kikikuoshea vyombo, vyombo si vyako tena. Kikikulelea mtoto..." Mganga hakumalizia, maana na yeye alikuwa mama.

"Jina ni langu. Siwezi kukiambia kiache?"

"Wewe ni jina tu. Kinachosikilizwa ni mdomo. Aliyekituma aje ndani ya nyumba yako, asimame pale kinapofanya kazi, aseme mwenyewe: jina la huyu litoke, langu liingie, na kazi iishe leo. Yote matatu. Akiacha la mwisho, kitaendelea, kwa jina litakalokuwepo."

"Asipokubali?"

"Basi mtoto atazidi kukuona mgeni. Mpaka siku utakapobisha hodi kwako asikufungulie." Mganga akarudisha pini mdomoni. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Mimi mshonaji, nguo nazijua."

*

Alimpata Asali kwenye stoo, kati ya makabati ya mikanda ya mashine, saa ya chakula cha mchana. Walizoea kula pale, miguu juu ya boksi, wakisengenya wakubwa.

"Shoga," alisema Mama Kifungo, "umenitumia jini?"

"Jini gani tena?" Asali alicheka. "Ningekuwa na jini ningekuwa nakula mkate mkavu?" Kisha akautazama uso wa mwenzake, na mkate ukabaki mkononi. "Kwani... kimekuja kwako? Mimi nilisema kazi za nyuma. Nilisema za ofisini."

Ndiyo. Ilitoka hivyo tu, bila kulazimishwa, kama kitu kilichokuwa kinangoja foleni yake.

"Nilichoka," Asali alinong'ona. "Wewe hujui. Kazi zangu zinalala nyuma, meneja ananiita mzembe mbele za watu, na nafasi ya usimamizi imetangazwa. Mtu akanielekeza kwa waganga wa mbali. Nikaambiwa nitapewa mtumishi, asiyelala, asiyekataa. Nikaulizwa kwa jina la nani. Mdomo umezoea, shoga. Ulitoka wenyewe."

"Malipo uliambiwa?"

Asali alitazama mikanda.

"Nimekuuliza. Uliambiwa?"

"Waliniambia kitakula kwa mwenye jina."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sawa."

Mama Kifungo alingoja neno lingine, neno lolote la kulifunika lile. Asali, mwenye ulimi mtamu kuliko wote, alilitafuta, na alichokipata ni hiki:

"Wewe una mume. Una mtoto. Una mkwe wa kukulelea. Nikaona hata vikipungua kidogo hutahisi."

Kuna makofi ambayo mtu huyapiga na kuna mengine huyameza. Mama Kifungo aliyameza, kwa sababu alimhitaji yule mwanamke mzima na mdomo wake mzima.

"Jumamosi asubuhi utakuja kwangu," alisema. "Utakitoa."

"Nitakuja. Haki ya Mungu nitakuja. Shoga..." Asali alimshika mkono, mkono ule ule wenye makovu madogo ya kucha za siku ya uzazi. "Utanisamehe?"

"Kwanza njoo."

Jioni hiyo alibadilisha neno lake la siri. Fundi alimwambia amechelewa sana, watu husubiri mpaka waibiwe.

*

Asali alikuja. Hilo hawezi kunyimwa. Alikuja amejifunga vizuri, amepaka poda. Kifungo, ambaye siku zile hakumkimbilia mtu, alimkimbilia yeye.

"Mama Asali! Umeniletea nini?"

Siku zote Asali humrusha juu na kumdaka. Siku hiyo aliweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Leo sina kitu, mwanangu," alisema, akapita haraka kama anayekanyaga makaa. Mama Kifungo alidhani ni aibu. Aibu ilistahili.

Mganga aliwapanga. Mama Kifungo, mtoto na Bibi wabaki sebuleni. Asali aingie jikoni peke yake, aufunge mlango, aligeuzie beseni mgongo. "Kinakuja kwa mgongo, nawe kisemeshe kwa mgongo," alimwambia. "Sema kwa sauti kinayoweza kuisikia. Usinong'one tena. Mambo matatu. Rudia."

"Jina lake litoke, langu liingie, kazi iishe leo," alirudia Asali, kama mwanafunzi mwema.

"Kwa nini tusisimame naye?" Mama Kifungo aliuliza.

"Kikisikia midomo miwili kitashika majina mawili."

Mlango ukafungwa. Harufu ikaanza kupanda chini ya mlango, nzito, ya moto na udongo. Wakasikia maji, wakasikia kule kuhema, karibu sana na kuhema kwa Asali hadi kukawa kumoja. Kisha sauti yake. Hakunong'ona, ila aliongea chini, na Bibi naye alikuwa akiomba dua kwa sauti, kwa hiyo maneno hayakufika. Ulifika mlio wake tu. Jina la kwanza walilisikia likitoka, fupi, la Mama Kifungo. Kisha kimya. Kimya kirefu, cha mtu anayehesabu hasara zake. Kisha jina la pili, refu, la kupanda na kushuka.

Sahani ikaanguka. Harufu ikakatika mara moja, kama pumzi iliyozibwa.

Asali alitoka, poda imechuruzika. Hakumtazama mtu. "Tayari," alisema. "Nimelitoa jina lako, shoga. Nimelitoa kweli." Na aliposema kweli alilia, na Mama Kifungo, mjinga, akamshika bega.

Mganga peke yake ndiye aliyesimama muda mrefu jikoni, akinusa. "Kwako kimetoka," alisema mwishowe. "Hilo nalihisi." Akachukua mkoba wake akarudi kwenye sare zake.

*

Jioni ile vyombo vilibaki vichafu. Mama Kifungo alivitazama, ukoko kwenye sufuria, nzi mmoja, kijiko kimeganda kwenye uji, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Asubuhi nguo zilikuwa kwenye kamba pale pale alipozianika. Bibi alionja uji akasema, "Una madonge," na mkwewe alitaka kumbusu.

Kifungo alilia usiku akimtaka mama. Alimtaka yeye. Alijikunja kifuani pake, akamshika sikio kama alivyozoea alipokuwa mchanga. Nywele zilifumuliwa na kusukwa upya, vibaya, kwa haraka, kuanzia mbele.

Asali hakurudi ofisini. Meneja alisema ameomba uhamisho kwenda tawi la mbali, ameondoka bila hata kukusanya kikombe chake. Mama Kifungo alikitupa kikombe. Aliona hilo ndilo jawabu lake kuhusu msamaha.

Kisha ikawa Ijumaa. Printa ya kona ikaamka, ikakohoa, ikatoa karatasi. Walicheka, kisha kicheko kikakatika, maana jina la juu halikuwa la mtunza stoo. Lilikuwa la meneja.

"Nimefanikiwa kumpumzisha marehemu," alisema fundi, amejivuna. "Kuizima nilishindwa. Nimeibadilisha jina tu. Mwenye jina katoka, jina jingine limeingia, kazi inaendelea kama kawaida. Haina mwisho ile, hakuna aliyeiwekea."

Mama Kifungo alishika ukingo wa meza.

Jina la Asali ni fupi. Lile lake halisi, la kwenye kitambulisho, linatoka kwa pumzi moja, kama kikohozi. Amelitamka mara ngapi akimwita kupokea simu? Na jina lililotamkwa jikoni lilikuwa refu, la kupanda na kushuka, jina unaloweza kumwimbia mtoto akalala. Jina ambalo Asali alilichagua mwenyewe mbele ya muuguzi. Ambalo aliliandika kila siku, kwa vidole vyake, kila alipoazima.

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka jua, na mlango haukufungwa, na Bibi kwenye kiti chake cha dirishani, amefurahi.

"Umewahi leo. Nilikuwa nataka kukwambia, mtoto huyu leo kapata adabu! Kafagia. Kaniletea uji, laini, hauna donge hata moja. Sikiliza, anaosha vyombo."

Maji yalikuwa yakilia jikoni, bila haraka, chombo baada ya chombo.

Mtoto alikuwa amesimama juu ya stuli ili alifikie beseni. Alimpa mama yake mgongo. Gauni lake lilikuwa na vifungo, na vifungo vya gauni lile hukaa kifuani. Sasa vilikuwa huku nyuma, vimefungwa vyote, kuanzia chini hadi shingoni.

"Kifungo," aliita Mama Kifungo.

Mtoto hakusikia.

"Kifungo. Mwanangu. Ni mama."

Sahani ikawekwa, imetazama ukutani. Mkono mdogo ukachukua nyingine.

Ndipo akamwita kwa jina lake kamili, lile refu, na likatoka mdomoni mwake likipanda na kushuka. Maji yakanyamaza. Nywele alizomsuka mwenyewe, kwa haraka, zilianzia sasa kisogoni na kupanda.

"Abee," alisema mtoto, bila kusogea. Ilikuwa sauti yake, sauti yake kabisa, ila haikuwa na uchovu, wala uzembe, wala utoto. "Nimemaliza, mama. Nitume tena."

Mama Kifungo alipiga magoti kwenye sakafu iliyofagiliwa. Neno lilikuwa moja tu, neno ambalo mama yeyote humwambia mtoto anayempa mgongo, na lilikuwa pale kwenye ulimi, jepesi, tayari. Alilishikilia kwa meno. Kwa sababu maadamu hajalisema, bado kuna uso upande ule wa pili, na pua ndogo ya mviringo.

"Nitume tena," alisema mtoto.

Naye akaogopa kumwambia ageuke.